Chanzo cha Wizi, Nyumba kwa Nyumba

Ti. Ti. Ti. Hivyo ndivyo kilivyolia kile kidude cha kubana kidole, na mpaka leo simu ya mtu ikilalamika kwamba chaji imeisha, mkono wangu unajinyoosha wenyewe kutafuta kidole cha jirani. Kilikuwa kidogo, cheupe, kama kibanio cha nguo kilichokwenda shule. Unakibana kwenye kidole cha kijana, unamwambia atulie, asiongee, asicheke, nacho kinaanza: ti, ti, ti. Mama mwenye nyumba anaacha kupepeta maharage. Watoto wanaziba midomo. Nyumba nzima inasikiliza moyo wa mtoto wao ukisomwa kwa sauti, nami nimekaa hapo na sura ya mganga mkuu, mimi niliyetoka kidato cha nne na daraja la nne, na Baiolojia nikiwa nimeambulia mchoro wa panzi tu.

Niseme kwanza nilifikaje hapo. Mwanamke mmoja wa chuo kikuu alikuja kwetu Ngara kutafiti kwa nini kijana mmoja anakuwa mwizi na mwenzake, aliyekulia mlima uleule, hawi. Alikuwa na shahada ya udaktari, lakini si udaktari wa hospitali, ingawa jambo hilo halikumwingia mtu yeyote akilini. Kila tulipofika alionyeshwa jino, au goti, au mtoto mwenye upele. Nasi tukamwita Daktari. Alizaliwa Biharamulo mjini, katika moja ya zile familia za Waislamu wenye maduka ambao babu zao walitoka pwani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa laini kama chapati ya asubuhi. Kihangaza, lugha yetu, hakujua hata salamu. Akahitaji mtu wa kumtafsiria. Shangazi yangu, ninayeishi naye Kibimba, akaenda kuwaambia watu wa ofisi ya kata kwamba ana "msichana wa lugha" nyumbani. Sifa hiyo sikuwahi kuisikia kabla, na tangu hapo sijaisikia tena.

Nilikubali kabla sijaulizwa. Siku hiyohiyo, nikipalilia maharage, nilikwisha kuwa profesa. Nilivaa joho. Wanafunzi walisimama nilipoingia, mistari na mistari, nami nikawaambia kwa upole, "Kaeni, kaeni."

"Unaongea na nani?" shangazi akauliza kutoka upande wa pili wa shamba.

"Na maharage, shangazi."

"Haya. Yakikujibu uniite."

Daktari alinielezea kazi tukiwa tumeegemea gari lake. Alisema wasomi wamebishana miaka mingi. Wapo wanaosema uhalifu unaanzia mwilini: ulichorithi, ulivyozaliwa, namna moyo wako unavyopiga. Baadhi yao wanasema moyo unaopiga polepole mtu akiwa ametulia huenda ni wa mtu asiyeogopa upesi, na asiyeogopa upesi hujaribu mambo. Wapo wanaosema sivyo, ni njaa, ni nyumba isiyo na amani, ni marafiki, ni shule aliyoiacha njiani. Yeye mwenyewe aliona vyote viwili vinashikana mikono, ila alitaka kujua vinashikanaje. "Lakini hakuna mashine inayomtambua mwizi," akanionya. "Usije ukamwambia mtu hivyo."

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye moyo wa polepole. Nilipofika nyumbani nikajibana kidole mwenyewe. Ti. Kimya. Ti. Kimya. Nilikuwa wa polepole kuliko karibu vijana wote tuliokuja kuwapima. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikisubiri tamaa za uhalifu zinifikie. Kwa wiki nzima, nikitumwa dukani, nilisimama mikono nikiwa nimeifunga mgongoni, mbali na mandazi. Shangazi nilimpima akisonga ugali. Moyo wake ulikwenda kama cherehani, nikamtangaza kuwa ni raia mwema. Nilimpima na mbuzi, sikioni. Mbuzi alikula waya wa chaja, kwa hiyo nadharia ilianza kuonekana ina ukweli.

Daktari hakuwa mtu wa mzaha kama mimi, lakini alikuwa na kisa chake. Alipokuwa mtoto, katika ile miaka ya magari kusindikizwa na polisi kwenye msitu kati ya Biharamulo na Ngara kwa sababu ya majambazi, alisafirishwa akiwa amelala chini ya kiti cha basi, miguuni mwa mama yake. Alinusa vumbi na viatu vya watu. Alichojiuliza kule chini, alisema, ni kama wale wa msituni nao wana mama.

Tukaanza. Ukiwauliza watu wa Ngara wezi wanatoka wapi, watakwambia Biharamulo. Ukivuka kwenda Biharamulo, wanakuonyesha Ngara kwa kidole. Tulipopita Lukole, palipokuwa na kambi kubwa za wakimbizi zamani, mzee mmoja alitwambia wezi waliondoka na kambi, wote, hakubaki hata mmoja. Duka lililokuwa mbele yake lilikuwa limeishiwa kufuli.

Na majumbani ndiyo usiseme. Vijana wote walikuwa malaika. Tulimkuta mmoja mwenye kovu la panga kutoka sikioni mpaka kidevuni, na mama yake akaapa hajawahi kugombana hata na inzi.

"Na hilo kovu, mama?"

"Alianguka kwenye mgomba."

Daktari alikuwa akiandika kwenye kishikwambi chake huku uso ukizidi kukunjamana. "Haiwezekani," aliniambia tukiwa njiani. "Kata nzima haina mtu aliyewahi kuiba hata muwa?"

"Ni watu wa kanisa hawa, Daktari," nikamjibu kwa fahari. "Jumuiya kila wiki."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, na ambalo mimi, mtu wa kwetu, sikulikumbuka hata kidogo. Kijana akiposa, watu wa binti hawajibu hapohapo. Wanatuma kwanza wanawake wawili watatu wakaichunguze ile nyumba. Nao hawasemi wamekuja kuchunguza. Wanajifanya wanatafuta mbuzi aliyepotea, au wanataka kununua miche ya migomba. Wanakaribishwa, wanakaa, wanaulizauliza. Kijana ana hasira? Baba anakunywa? Yupo mtu katika ukoo aliyefungwa, aliyeugua kifafa, aliyejidhuru? Mwenye nyumba anajua wamefuata nini, nao wanajua kwamba anajua, na wote kwa pamoja wanamsikitikia yule mbuzi.

Sasa chukua wanawake wawili wageni. Wanaingia tu kwenye nyumba zenye vijana wa kiume. Wanauliza maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, halafu wanaahidi kwamba kila kitu kitabaki siri. Daktari aliposema, "Sisi tunafanya utafiti wa chuo kikuu," kina mama walitazamana wakatabasamu. Walimwona mbuzi wa siku hizi.

"Utafiti," mama mmoja alirudia, akinikonyeza. "Haya. Chuo kikuu. Karibuni sana, watu wa utafiti."

Nami nikamkonyeza pia. Nilidhani ananipongeza kwa kuajiriwa.

Utaniuliza, wewe si ulizaliwa huko, akili ilikuwa wapi? Ilikuwa imevaa joho, ndugu yangu. Profesa hawezi kuhangaika na habari za mbuzi.

Ndipo tukafika Murukulazo, kwa mama mmoja aliyeishi na mwanawe mkubwa kwenye nyumba ya udongo juu ya bonde. Mume alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu zamani na hakurudi. Kijana alikuwa akifyatua matofali. Alikuja na tope mpaka magotini, akanawa, akakaa, akanyoosha kidole bila maneno. Ti. Kimya kirefu. Ti. Moyo wake ulikuwa wa polepole kama wangu, na nilimtazama kwa udugu.

Nikauliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kufungwa.

"Mama," kijana akasema, "acha."

"Siachi," mama akasema. Alinigeukia mimi. "Wale wa kwanza niliwaficha, wakaenda kuambiwa kisimani. Wa pili nikawaficha, wakaambiwa sokoni. Ninyi mtasikia kwangu."

"Anasemaje?" Daktari akauliza.

"Anasema watafiti wengine walishapita hapa, mara mbili."

"Wa chuo gani?" Daktari akashtuka.

Nikamwambia mama aendelee tu. Naye akaendelea. Mwanawe alizaliwa kwa shida, kitovu kimemzunguka shingoni, hakulia mpaka walipomchapa. Baba alimpiga akiwa mdogo, halafu akaacha kumpiga kwa sababu aliondoka. Mwaka wa njaa aliacha shule. Akapata marafiki wa bodaboda, akapewa pikipiki ya mtu afanyie kazi, akaiuza na mwenzake, akafungwa. Alipotoka hakugusa tena cha mtu. "Ni hayo," mama akasema. "Sina jingine. Mkitaka mnaondoka, mkitaka mnakaa."

Kijana alikuwa anatazama kucha zake.

Daktari alikuwa amepita nyumba baada ya nyumba za malaika. Sasa kuzaliwa, malezi, njaa na marafiki vilikuwa vimeketi mbele yake katika nyumba moja. Uso ulimng'aa. Akapiga paja lake akasema kwa sauti, "Safi sana, mama! Safi sana!"

Hilo halikuhitaji mkalimani. Mama alisimama. Alikaza kitenge kiunoni, akafunika mdomo kwa kiganja, na chini ya kiganja kikatoka kigelegele kimoja kifupi, kama kuku aliyeshtuliwa. Alitusindikiza mpaka bondeni kabisa, na mkungu wa ndizi mbivu akauweka mwenyewe ndani ya gari. Nilimwambia Daktari kwamba watu wa kwetu wanapenda sana sayansi.

Haikupita hata wiki, yule kijana akaja Kibimba kwa baiskeli. Shangazi alikuwa uani na ungo wa maharage mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alinigeukia mimi. Alikuwa ameshika kofia mikononi. "Dada, samahani. Huyo binti ni nani?"

"Binti gani?"

"Aliyewatuma."

"Sisi tumetumwa na chuo."

"Ndiyo, najua mnasema hivyo." Akavuta pumzi. "Lakini mimi sasa sijaposa popote, dada. Nimemwambia mama, anasema naona haya. Amepaka nyumba udongo mweupe. Amevundika ndizi za pombe. Anasema safari hii wamejua yote na bado wamesema safi."

Nilimtazama. Halafu nikamwona mbuzi. Mbuzi wote wa wilaya ya Ngara, waliopotea tangu enzi za bibi yangu, walinijia kichwani kwa pamoja, wananitazama.

Shangazi alianza kucheka kabla yangu. Alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Harafu mimi kisimani wananiuliza binti ni wa nani, nawajibu siri ya chuo, siri ya chuo!"

"Shangazi! Na wewe uliamini?"

"Nilijua ni Dakitari mwenyewe anatafuta! Mwanamke ana gari, hana mume, anazunguka anapima mioyo ya vijana. Wewe ungesema nini?"

Kijana hakucheka. Shangazi alipomwona hacheki, naye akanyamaza, akaanza kuokota maharage moja moja.

"Mwambie wewe, dada," kijana akasema. "Akisikia kutoka kwangu ataona nimeharibu tena."

Daktari nilimkuta garini, mlango wazi, anakunywa chai ya chupa. Nilimweleza yote, mbuzi na miche ya migomba. Mwanzoni alitabasamu. Halafu hakutabasamu.

"Nilisema safi?"

"Ulisema safi sana."

Alijifunika uso kwa ushungi wake. Alitaka kwenda mwenyewe, lakini angehitaji mimi nimtafsirie aibu yake, na nikaona aibu ikitafsiriwa inachukua muda mrefu mno. Nikasema nitakwenda peke yangu. Akaniambia nimweleze mama kwamba majibu ni yake. Akitaka yafutwe, yanafutwa.

"Yote, Daktari?"

"Yote." Alifunga chupa ya chai, akaifungua tena. "Ndiyo nyumba pekee iliyotuambia kweli. Hilo usimwambie."

Njia nzima nilitunga hotuba. Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na neno "kimsingi" mara kadhaa. Nilipopanda mlima wa Murukulazo na kuiona ile nyumba, nyeupe kama siku ya ubatizo, hotuba yote ikashuka bondeni bila kuniaga.

Mama alikuwa amejifunga kitenge ambacho mikunjo yake ya dukani bado ilionekana.

"Umekuja peke yako?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ni jema. Neno la kukataa hawamtumi mtoto."

Alinikalisha kwenye mkeka, akaniwekea mbele kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Mama," nikasema, "hakuna binti."

"Amekataa?"

"Hayupo. Hakuwahi kuwepo. Ulikuwa utafiti kweli."

"Utafiti wa nini?"

Nilitamani angeniuliza kitu kingine chochote, hata hesabu. "Wa kwa nini vijana wanaiba."

Alitazama kibuyu. Nje kuku walikuwa wanaparura udongo mweupe uliobaki.

"Kwa hiyo mlikuwa mnatafuta wezi."

"Sababu, mama. Tunatafuta sababu."

"Na yule mwenzako akafurahi."

"Alifurahi kwa ulivyomweleza vizuri. Hakujua unafikiri nini. Na mimi niliyepaswa kujua, mama, mimi nilikuwa…" Sikuona namna ya kumweleza habari za joho.

"Ningejua ni wezi mnaotafuta," akasema polepole, "ningewadanganya kama wenzangu." Halafu akashika shavu. "Nikapiga na kigelegele. Mbele ya mashine! Na jirani alikuwa anafua hapo nje."

Kitu kama kicheko kilimtoka, kikakatika. Nikamwambia kuhusu majibu, kwamba ni yake, kwamba Daktari yuko tayari kuyafuta.

"Yakifutwa, wa kisimani watasahau?"

"Hapana, mama."

"Yafuteni hivyohivyo. Sipendi yakae mahali nisipopajua."

"Sawa."

Mama alianza kunitazama, kwanza miguu, halafu mikono, halafu uso, kama mtu anayechagua mbegu.

"Wewe una mtu?"

Moyo wangu wa polepole uliruka. "Mimi… mimi bado nasoma, mama."

"Unasoma wapi?"

"Bado hawajanipokea."

"Mwanangu ulimwona alivyo? Hanywi. Anajenga."

"Nilimwona, mama. Ni mpole."

"Usitoe macho hivyo," akasema akiinuka. "Nauliza tu. Na mimi nafanya utafiti." Akavua kile kitenge kipya, ndani alikuwa na cha shamba, akakikunja kwa kufuata mikunjo yake ya dukani. Akachukua jembe nyuma ya mlango. "Mihogo yangu imemezwa na majani. Wewe maliza ulichowekewa, ukitoka rudishia mlango."

Nikamsikia akishuka, jembe likigongana na jiwe la kizingiti, halafu nyayo zikapotea kwenye migomba.

Nikabaki na kibuyu. Kwetu, kinywaji alichotengewa mgeni kikirudi kimejaa, anayepita njiani akikiona anajua nyumba imekataliwa. Hahitaji kuambiwa kisimani wala sokoni. Nami sinywi pombe. Juisi ya nanasi iliyolala tu inanitosha kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili. Nilitazama mlangoni, hakukuwa na mtu wa kunisaidia. Nikaushika mrija kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikavuta. Nikapumzika. Nikavuta tena. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, alikuwa ameipika kwa moyo wote. Nilivuta mpaka mrija ukaanza kukoroma chini na masikio yangu yakapata joto. Kisha nikainuka, nikisaidiwa na ukuta, na udongo mweupe ukanibaki begani. Nikakitoa kibuyu nje, nikakikung'uta, nikakiegemeza kwenye kizingiti upande wa njiani, mdomo chini, mahali ambapo kila apitaye angekiona kwamba ni kitupu.